Gari la raha lanila mshahara: niuze au nivumilie?

BARUA

Assalaam aleikum Ami Nahodha, na shikamoo.

Mimi ni mkazi wa Malindi, umri miaka 36, nina mke na watoto wawili. Ni mhasibu katika hoteli moja upande wa Casuarina, na nyumba yetu iko Barani, kama kilomita tatu kutoka kazini. Nakuandikia wewe kwa sababu kila ninayemweleza jambo hili hucheka kwanza.

Mwaka jana nilinunua Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2008, ile isiyo na kisogo, rangi ya buluu. Injini ya lita mbili yenye turbo, nguvu za farasi 308, gia sita za mkono. Iliingia nchini kutoka Japani mwaka 2015 na kabla yangu imepita mikononi mwa watu watatu. Nilitoa shilingi 1,600,000, nusu akiba yangu, nusu mkopo wa sacco. Ami, tangu shule ya msingi nilikuwa na picha ya gari aliloshindia Colin McRae Safari Rally ya 1997, nimeikata gazetini nikaibandika nyuma ya mlango. Nililala nikiitazama miaka na miaka.

Raha yake siwezi kuikana. Jumapili nikitoka msikitini alfajiri, navuka daraja la Sabaki jua halijachomoza, napita njia panda ya Mambrui, Gongoni, mpaka Marereni kwenye vilima vile vyeupe vya chumvi. Sindano ya mizunguko ya injini ikifika elfu tatu turbo yavuta pumzi, na mimi navuta nayo. Siku moja nilifika kilomita 180 kwa saa. Narudi nyumbani na mkate wa sinia, mtu mwema kabisa.

Shida ni hesabu. Kwa miezi kumi na moja mhasibu mzima nimekwepa kujumlisha risiti zangu mwenyewe. Juma lililopita nilizitoa zilipo, chini ya zulia la buti, nikakaa nazo. Petroli peke yake 253,000, maana natembea kama kilomita 900 kwa mwezi na lita moja hainipi zaidi ya kilomita saba. Tairi nne 88,000. Nilinunua mbili, nikaambiwa gari linalosukumwa na magurudumu yote manne halitaki mpya na kuukuu pamoja, nikarudi kununua mbili nyingine. Klachi pamoja na ufundi 95,000. Shokabu na bushi 60,000, matuta ya huku unayajua. Bima kubwa 75,000, na hiyo ni baada ya kampuni mbili kunikataa kwa sababu ya umri wa gari. Breki padi mbele na nyuma 34,000. Oili na filta mara tatu, 33,000. Radieta 28,000. Plagi 13,000. Na eksosi ya mngurumo, Ami, 70,000. Jumla 749,000, na riba ya sacco sijaitia.

Mke wangu anajua habari za klachi, ila nilimwambia ni 30,000. Eksosi haijui bei yake, anaijua sauti tu.

Sasa kuna mambo matatu. Asubuhi nikiwasha, injini yagonga tak-tak-tak kama dakika moja kisha yanyamaza. Fundi wangu asema Subaru zote hulia hivyo. Pili, kijana mmoja wa Mombasa anataka 60,000 anibadilishie programu ya kompyuta ya gari nifike farasi 350. Tatu, mwenzangu kazini anishauri nilikodishe kwenye maarusi, eti lijilipe lenyewe. Ndugu yangu asema niuze kesho.

Nifanyeje? Na mke wangu nimwambieje?

Mpenda Mngurumo, Malindi


JIBU

Waaleikum salaam mwanangu, marahaba.

Tuanze na ile tak-tak, kwa sababu mke atangoja, sacco itangoja, injini haingoji.

Injini yako imelala ubavu. Pistoni nne, mbili kulia, mbili kushoto, hazipandi na kushuka, zinatupa ngumi kando. Pistoni ikiwa baridi hulegea kidogo ndani ya silinda na hugonga. Ikipata moto hutanuka, kelele ikaisha. Kama kelele yako ni hiyo, fundi wako hajakudanganya, wengi huishi nayo miaka. Lakini asikwambie kwa sikio peke yake. Kelele ya kuogopa ni ile inayozidi injini ikishachemka, hasa ukikanyaga. Hiyo ni beringi za kranki, na siku utakayoisikia hivyo zima gari papo hapo, uliburute kwa kamba hata kama nyumbani umepaona.

Servisi ijayo mwambie fundi asiitupe filta ya oili. Akate lile kopo, atoe karatasi ya ndani, aikamue, muikunjue pamoja juani. Ikiwa nyeusi tupu, alhamdulillahi. Ikimetameta kama magamba ya dagaa, huo ni mwili wa injini unaouona. Kisha apime kompresheni, yaani mgandamizo, ya silinda zote nne: unachotafuta ni nambari zinazokaribiana, isiwepo moja iliyobaki nyuma ya wenzake. Na wewe mwenyewe, kila Jumapili kabla hujawasha, gari likiwa mahali tambarare, vuta kijiti upime oili. Injini hizi hunywa. Wengi wameziua kwa uvivu wa kufungua boneti, wala hawakuwa wakienda mbio.

Sasa risiti. Nimezipanga upya mezani, maana wewe umezipanga kama mtu aliyeibiwa, na hujaibiwa.

Klachi, shokabu, breki, radieta, tairi: 305,000. Hayo si matumizi ya mwaka mmoja, mwanangu. Hayo ni madeni ya wale watatu waliokutangulia. Kila mmoja aliendesha, akafurahi, akaona klachi inaanza kuteleza, akaosha gari na kuliuza. Wewe ndiye uliyekuwepo deni lilipoiva. Mtu akinunua gari la mbio kuukuu huwa amelipia bodi na logibuku tu, uchakavu hulipwa baadaye, na mwaka wa kwanza ndio mchungu. Aliyekuuzia angekuwa na risiti za mambo haya angezitoa kabla hujamuuliza. Laki tatu hizo ulipaswa kuwa nazo pembeni siku uliyotia saini, yaani gari la milioni moja na laki tatu, si moja na laki sita. Limepita hilo. Ila jambo jema ndani yake ni kwamba klachi mpya ni yako, shokabu mpya ni zako, na ukiuza leo utamwachia mtu wa tano karamu uliyoipika wewe. Ndiyo maana ndugu yako simuungi mkono, angalau kwa sasa.

Petroli nayo wailaumu bure. Ni theluthi moja tu ya ule mzigo. Lakini hata hiyo theluthi sehemu yake ni upuuzi, na upuuzi wenyewe ni zile kilomita tatu za kwenda Casuarina. Injini haijapata moto umeshafika. Ikiwa baridi hunywa mara mbili, na ule unyevu unaobaki ndani ya oili hauna nafasi ya kukauka, unageuka uji. Halafu wafika getini, wazima mara moja. Jioni hivyo hivyo. Gari lililotengenezwa kukimbia mlimani walifanya tuktuk! Panda bodaboda. Mia kwenda, mia kurudi, siku ishirini na sita, ni 5,200 kwa mwezi. Au nunua baiskeli, Malindi ni tambarare na kitambi cha uhasibu nakijua.

STI ibaki ya Jumapili, na safari ya Mombasa mara mojamoja. Kilomita 400 kwa mwezi zakutosha kabisa. Kwa mwendo wa barabara kuu lita itakupa nane, basi ni lita 50, na tukichukua 180 kwa lita (EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei kila tarehe 14, hesabu utairekebisha mwenyewe) ni 9,000. Oili na filta mara mbili kwa mwaka, 22,000. Bima 75,000. Na kila mwezi 15,000 ziingie mahali ambapo mkono wako haufiki, za matengenezo, kiharibike kitu kisiharibike. Kwa mwaka ni 385,000, sawa na elfu 32 kwa mwezi, tia bodaboda uite 37. Umekuwa ukila elfu 68. Bado ni pesa nyingi. Kama hata elfu 37 mshahara wako haubebi bila kugusa ada za watoto, hapo namrudia ndugu yako: uza, tena kabla ya mvua za masika, na risiti zako zote umkabidhi mnunuzi.

Baada ya mbio usizime hapo hapo. Kilomita mbili za mwisho nenda kama unabeba mayai, kisha likae likinguruma taratibu kidogo. Turbo ikitoka kwenye moto mkali ukaikatia oili, ile oili iliyobaki ndani huungua na kuganda kwenye mhimili wake. Dakika moja hiyo haina risiti.

Radieta yako imeuawa na chumvi. Unakwenda Marereni kutazama vilima vya chumvi, wanyunyiziwa, warudi Malindi kwenye upepo wa bahari, halafu vijana wanakuoshea gari kwa maji ya kisima ambayo nayo yana chumvi. Hapo hujaosha, umepaka nyingine. Tafuta maji matamu, hata madumu mawili, na uanzie chini ya gari, kwenye vyuma, ndipo uje juu. Na huko kazini waegesha chini ya mivinje, sivyo? Ile pua iliyo juu ya boneti si pambo. Hupitisha upepo kwenye kipoza hewa kilicho chini yake, na hewa ikiwa ya moto injini hupoteza nguvu na kuanza kugonga. Fungua leo utazame. Mara ya mwisho nilipofunguliwa boneti ya gari la namna hiyo, sindano za mvinje zilikuwa zimelala kwenye mapezi ya kile kipoza kama manyoya kwenye mto, na mwenyewe alikuwa amekwisha kubadilisha plagi mara mbili akitafuta ugonjwa.

Kijana wa programu mjibu hivi. Gari lako lilitengenezwa kwa soko la Japani, na petroli ya daraja la juu huko huuzwa ya okteni 100. Ya pampu zetu haifiki hapo. Petroli dhaifu ikibanwa sana na turbo hulipuka kabla ya wakati wake, na ule mlipuko hupiga pistoni nyundo ndogondogo mpaka ivunjike ukingo. Mtu akikuongezea farasi 42 juu ya petroli ile ile, 60,000 zako ni kianzio tu; zilizobaki utamlipa muuza injini. Kama ni hodari kweli, mwambie akurekebishie programu ifuate petroli ya hapa na apunguze msukumo kidogo. Akikwambia hiyo haina raha, mwage kwa salama.

Na farasi hao 308, kwani hawakutoshi? Gongoni na Marereni ni miji, kuna mbuzi, kuna watoto wa madrasa, na ndani ya miji sheria ni 50. Hiyo 180 umeniandikia kama sifa. Sikuipokea hivyo.

Maarusi, hapana. Bima yako ni ya gari la binafsi. Siku utakapochukua ujira na likagongwa, kampuni itakuuliza bi harusi alilipa shilingi ngapi na hapo mtaachana. Tena kwa viti vile vya kukumbatia mbavu, bi harusi na mashela yake ataingiaje?

Lakini ushauri wa mwenzako umenigusa mahali pengine. "Lijilipe lenyewe." Nimekulia Lamu, na kaka yangu mkubwa alikuwa na mashua ya mashindano. Si ya uvuvi, ya uvuvi alikuwa nayo nyingine. Hii haikupata kubeba samaki wala boriti hata moja. Kazi yake ilikuwa kushindana siku chache za mwaka, watu wajae ukutani, basi. Siku nyingine zote ililala mchangani na kudai: pamba ya kalafati, sifa, yaani mafuta ya papa, ya kupaka mbao, shahamu na chokaa chini, tanga jipya ambalo halikuruhusiwa hata kuloa mvua. Nyumba nzima ilinuka sifa. Wazee wakamwambia itie kazini ijilipe, ibebe abiria wa Mokowe. Akakataa. Alisema chombo cha raha ukikitafutia kisingizio cha kazi utapoteza raha na kazi usiipate.

Alichofanya ni hiki. Palikuwa na kopo la maziwa ya unga juu ya kabati la mama. Kila akirudi baharini, kabla ya lolote, sehemu ya nyumba alimpa mama mkononi, kisha mbele ya mama huyo huyo akatia shilingi zake koponi. Kopo likiwa na kitu, mashua ilipakwa na kuvutwa majini. Likiwa tupu, ililala mchangani hata kama kesho ni mashindano. Nakumbuka mwaka mmoja walishindana wenzake naye amekaa ukutani pamoja nasi, anatafuna kashata, anapiga kelele kuliko wote. Mama alikuwa haipendi mashua ile hata kidogo. Lakini sikupata kumsikia akiigombeza, kwa sababu alijua kopo lina shilingi ngapi.

Mke wako hajui kopo lako lina shilingi ngapi. Hajui hata kama lipo. Gari kukugharimu 749,000 ni jambo la kuzungumzika. Watu hutumia pesa kwenye miraa, kwenye mpira, kwenye viwanja visivyokuwepo. Klachi ya 95,000 iliyogeuka 30,000 ndiyo itakayokuvunjia nyumba, na zile risiti chini ya zulia. Kwa hiyo usimpelekee hotuba. Watoto wakishalala, mpelekee zile karatasi zenyewe, zote, umwambie nilikudanganya juu ya hii na hii nilikuficha. Usianze kueleza turbo. Akikasirika, akasirike. Akiuliza kwa nini, usimwambie linasaidia safari za familia wala litapanda bei. Mwambie ukweli ulioniambia mimi, wa picha nyuma ya mlango. Kisha mweleze elfu 37 na umwombe yeye ndiye ashike akaunti ya zile 15,000. Likiharibika na akaunti haina kitu, gari lifunikwe turubai, uende kwa bodaboda mpaka ijae. Akisema hata 37 ni nyingi, msikilize, huenda anaijua bajeti ya nyumba kuliko mhasibu.

Imebaki eksosi. Ile ya asili natumaini hujaitupa. Irudishe, hiyo ya mngurumo uiuze. Vijana wa Mombasa wataigombania, na hata ukipata 40,000 zitakuwa za kwanza kuingia koponi. Sikushauri kwa ajili ya pesa tu. Umesema Jumapili alfajiri unatoka Barani kuelekea Sabaki. Nyumba yangu iko kando ya barabara hiyo hiyo, dirisha la chumba cha kulala latazama lami, na kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikijiuliza ni nani.

Ami Nahodha